"Diski Haisomi": Maana ya Neno na Uchunguzi wa Hitilafu katika Seva Kuukuu

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi fundi awezavyo kuitafuta hitilafu ya diski mpya iliyotiwa katika seva ya zamani. Huenda msomaji wa jarida la lugha akashangaa kulikuta jambo hili katika kurasa hizi, kwa kuwa limezoeleka kuwa la mafundi wala si la watu wa sarufi. Lakini kazi ya lugha siku hizi imehamia ndani ya mashine. Masimulizi ya wazee wa Karagwe na Kyerwa hayakai tena katika madaftari peke yake. Hunaswa kwa vinasa-sauti, yakahamishiwa katika seva, yaani kompyuta isiyozimwa ambayo kazi yake ni kuzihudumia kompyuta nyingine, na seva ikijaa hutiwa diski ya pili. Hapo ndipo mashaka yaanzapo. Tena nitajaribu kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya mashaka hayo imefichwa na neno moja la Kiswahili ambalo sote tunalitumia bila ya kulitazama.

Neno hilo ni *haisomi*. Mtu aliyepata kukaa na mafundi wa Kayanga, Omurushaka au Bukoba amelisikia mara nyingi: laini haisomi, kadi haisomi, diski haisomi. Kwa sarufi tuliyofundishwa, *soma* ni kitenzi chenye mtenda na mtendwa. Mashine ndiyo isomayo na diski ndiyo isomwayo. Hapa mtendwa ameketishwa mahali pa mtenda, na kitenzi hakikuongezwa kiambishi chochote cha kuonyesha mageuzi hayo. Hatusemi *haisomwi*, wala hatusemi *haisomeki*. Silaumu matumizi haya, maana Kiswahili kina desturi ya kusema chumba hiki kinalala watu wanne, na hakuna anayedhani kwamba chumba kimefumba macho. Lakini tazama kinachopotea. *Haisomwi* humfanya msikilizaji aulize: na nani? Macho yake huelekea kwa mashine. *Haisomeki* humfanya aitazame diski yenyewe, kama barua iliyolowa maji. *Haisomi* haimwelekezi popote. Kosa limetajwa, mkosaji hakutajwa. Na kwa kuwa kilichobadilika ni diski, na diski ndiyo iliyowekwa mwanzoni mwa sentensi, lawama humwangukia mgeni kabla ya mwenyeji kuulizwa neno.

Basi swali la kwanza la fundi liwe hili: diski haisomwi, au haisomeki?

Yafaa nieleze kwa nini jambo hili si dogo katika wilaya hizi mbili. Kinyambo, au Runyambo kama wenyewe wasemavyo, ni lugha ambayo Guthrie aliiweka katika namba E21, jirani na Kihaya na si mbali na Kinyankole cha Uganda. Profesa Josephat Rugemalira aliitolea msamiati wa Runyambo, Kiswahili na Kiingereza mwaka 2002, na sarufi mwaka 2005, kupitia mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vitabu hivyo vilitoka kabla Kyerwa haijatengwa na Karagwe kuwa wilaya peke yake mwaka 2012. Msamiati na sarufi tunavyo. Sauti ndicho kitu ambacho kitabu hakiwezi kukishika: mahali pa toni, pumzi ya msimulizi, jinsi anavyolivuta neno anapotaka wasikilizaji wacheke. Saa moja ya sauti iliyonaswa kwa kipimo kizuri, sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 24, mikondo miwili, huchukua zaidi kidogo ya gigabaiti 1. Saa elfu moja ni terabaiti moja. Na mzee aliyesimulia mwaka juzi huenda hayupo wa kusimulia tena. Kwa hiyo kabla ya kufungua kifuniko cha seva, nakala ya vilivyomo iwe imekwisha kupatikana mahali pengine, katika chombo kingine, na ikiwezekana katika nyumba nyingine. Ofisi nyingi hudhani kwamba seva yenye diski mbili zinazoandika kitu kimoja kwa pamoja imekwisha kuwa na nakala. Sivyo. Diski hizo huandika pamoja na hufuta pamoja. Amri moja ya makosa huzipata zote mbili kwa wakati mmoja.

Sasa tuingie katika uchunguzi wenyewe. Njia iliyo njema ni kufuata safari ya umeme na habari toka ukutani hadi katika folda, na kuuliza katika kila kituo kama msafiri amefika.

Kituo cha kwanza ni umeme, na chombo cha kupimia ni sikio. Diski ya kuzunguka iliyo nzima huvuma inapowashwa. Diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka huvuta yapata ampea 2 katika volti 12, na ikishatulia huhitaji sehemu ndogo tu ya hizo. Pawasaplai iliyofanya kazi miaka 15 yaweza kuzilisha diski nne zilizokwisha tulia, ikashindwa kuziamsha tano kwa pamoja. Dalili yake ni kwamba diski mpya hulia, hunyamaza, hulia tena. Au, jambo la kutatiza zaidi, diski ya zamani ndiyo inayotoweka. Mkoa wa Kagera kwa miaka mingi ulipata umeme wake kutoka Uganda, kwa njia ya Masaka na Kyaka, na kila mtu wa huko anajua maana ya umeme kukatika na kurudi. Kila kurudi ni mwamsho mwingine wa diski zote. Seva nyingi zina amri ya kuziamsha moja baada ya moja. Itafutwe na itumiwe.

Upo ukimya wa namna nyingine ambao umezirudisha dukani diski nyingi zisizo na kosa. Kanuni za viunganishi vya SATA zilizotolewa mwaka 2016 ziliupa mguso wa tatu wa kiunganishi cha umeme kazi mpya: ukipata volti 3.3, diski hujua kwamba imeamriwa kulala. Pawasaplai za zamani zilipeleka volti 3.3 katika mguso huo bila ya nia yoyote, kwa kuwa wakati zinatengenezwa jambo hilo halikuwa na maana. Basi diski mpya kubwa, hasa zile zilizokusudiwa kwa seva, hutiwa katika mashine kuukuu, ikasikia amri ambayo hakuna aliyeitoa, ikalala. Fundi husema haisomi. Ukiichukua diski hiyo hiyo ukaitia katika kasha la nje lenye umeme wake, huvuma na kusomwa vizuri. Dawa ni kuufunika mguso ule kwa kipande chembamba cha utepe usiopitisha umeme, au kuilisha diski kwa waya usio na volti 3.3. Hapa mashine na diski zote nzima. Zimetofautiana katika maana ya ishara moja, na sisi wa isimu tumezoea kuona mambo ya namna hii baina ya lahaja mbili.

Kituo cha pili ni waya wa habari na kadi ya kuongozea diski. Hapa nitapita upesi. Diski ya SATA huingia katika tundu la SAS na kufanya kazi, lakini diski ya SAS haiingii katika tundu la SATA, na anayeilazimisha atavunja kitu. Kama diski inasomwa kwa kusitasita, itazamwe ile orodha ya afya ambayo diski hujiandikia yenyewe, iitwayo SMART. Ikiwa hesabu ya vipande vilivyohamishwa inapanda, diski inakufa kweli. Ikiwa hesabu ya makosa ya mawasiliano, ile namba 199, ndiyo inayopanda, waya umelegea au umechakaa, na diski haina lawama. Vumbi jekundu la barabara zetu huingia kila mahali, na mara nyingi kuuchomoa waya, kuusafisha na kuurudisha kumetosha.

Katika orodha hiyo hiyo ipo hesabu ya saa ambazo diski imewahi kuwaka. Mwaka mmoja una saa 8,760. Niliwahi kuona diski iliyouzwa kuwa mpya, na muuzaji sina haja ya kumtaja, ikaonyesha zaidi ya saa 20,000. Katika lugha ya madukani *mpya* mara nyingine ina maana ya kilichofika jana. Afadhali hesabu hiyo isomwe mbele ya muuzaji, ijapokuwa nayo huweza kufutwa na mtu mwenye nia mbaya.

Nafika sasa katika kituo ambacho nakiona kuwa kiini cha jambo lote, nacho ni hesabu. Chukua mfano wa karani wa ghala la kahawa katika chama cha msingi. Daftari lake lilichapwa zamani, na safu ya namba za magunia ina visanduku vinne tu. Anaweza kuandika toka 0000 hadi 9999, yaani magunia elfu kumi. Mavuno yakiwa mema na gunia la namba 10,025 likaletwa, karani hana mahali pa kuiandika ile 1 ya mwanzo, huandika 0025. Hakudanganya na hakulala kazini. Daftari lake ndilo lililokwisha.

Seva kuukuu ni karani huyo. Diski imegawanywa katika vipande vidogo, kwa kawaida vya baiti 512, na kila kipande kina namba. Kadi nyingi na programu zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2010 hivi ziliandika namba hiyo kwa biti 32, na biti 32 zatosha kwa vipande 4,294,967,296, visizidi. Zidisha kwa 512, utapata baiti 2,199,023,255,552. Hapo ndipo mwisho wa daftari, terabaiti 2.2. Mtie karani huyu diski ya terabaiti 3, ambayo ina vipande 5,860,533,168. Atatoa 4,294,967,296 asivyoweza kuviandika, abakie na 1,565,565,872, na atakutangazia kwa uso mkavu kwamba diski yako ina gigabaiti 801. Ukiiona namba 801, au 746 katika mashine zinazohesabu kwa 1,024 badala ya elfu, usiirudishe diski dukani. Diski haikuibiwa kitu. Ni mashine isiyojua kuhesabu hadi tatu.

Jambo hili si geni. Kabla yake kulikuwa na mpaka wa gigabaiti 137, uliotokana na namba za biti 28, nao ulivukwa kwa kanuni mpya za mwaka 2002 zilizoleta biti 48. Kila kizazi cha wahandisi kilidhani visanduku vyake vitatosha.

Lakini namba 801 ni hitilafu ya kiungwana, maana inajionyesha. Ile ya kuogopwa ni nyingine. Fundi akiona seva imeikataa diski, huichukua hadi kwenye kompyuta mpya, huigawa na kuifomati huko, kisha huirudisha. Zipo kadi za zamani ambazo hapo zitataja ukubwa ulio sawa, terabaiti 3 kamili, na folda zitafunguka, na kila mtu atashukuru. Wakati wa kuandika, hata hivyo, kadi huikata tarakimu ya juu kama karani wetu. Maadamu diski ina nafasi chini ya mpaka, hakuna litakaloonekana. Siku sauti zitakapovuka terabaiti 2.2, gunia la 10,025 litapelekwa katika nafasi ya 25. Ghalani gunia la pili lingewekwa juu ya la kwanza na mlinzi angepiga kelele. Katika diski maandiko ya pili huyafuta ya kwanza, kimya, na mwanzo wa diski ndipo ilipo orodha ya kuonyesha kila faili liko wapi. Katika hali hii diski inasoma, tena inasoma vizuri, hadi siku ya msiba. Kwa maoni yangu seva isemayo uongo ni mbaya kuliko seva isiyosema kitu.

Kwa hiyo kabla ya kutia hata simulizi moja, diski ikiwa bado tupu, fundi aandike alama mwanzoni mwake na alama nyingine tofauti mbele ya mpaka ule wa terabaiti 2.2. Azime mashine, aiwashe, asome alama ya kwanza. Ikiwa ile ya kwanza imegeuka kuwa ya pili, kadi haifai. Dawa zipo tatu: kutafuta programu mpya ya ndani ya kadi, kama mtengenezaji aliitoa; kununua kadi nyingine ijuayo namba ndefu; au kununua diski ya terabaiti 2. Hii ya tatu haina fahari, nami ndiyo ninayoipendekeza kwa ofisi ndogo za wilayani. Diski ya terabaiti 2 ina baiti 2,000,398,934,016, chini ya mpaka, na karani kuukuu ataiandika yote. Itakapoonyesha 1.8 badala ya 2, asidhaniwe mwizi. Ni ile hesabu ya 1,024 tena.

Kadi ikiwa nzuri, lipo daftari la pili la kuangaliwa, nalo ni lile liandikwalo mwanzoni mwa diski yenyewe kuonyesha migawo yake. Mtindo wa zamani, MBR, ulianza mwaka 1983 na una kikomo kile kile cha biti 32. Mtindo mpya, GPT, hutumia biti 64. Bayosi ya seva kuukuu huenda isiweze kuamka kwa diski ya GPT, lakini si lazima iamke kwayo; iendelee kuamka kwa diski yake ya zamani, na diski mpya iwe ghala tu. Linux huisoma GPT bila ya taabu hata katika mashine ya namna hiyo.

Seva nyingi zina kadi inayoziunganisha diski kadhaa kuwa moja. Kadi hizo, zikiona diski yenye alama za kadi nyingine, huuliza katika skrini, kwa Kiingereza, kama mpangilio *mgeni* uingizwe au ufutwe. Neno la Kiingereza lililotumiwa hapo ndilo lile lile liandikwalo kwa fedha za kigeni na watu wa nchi za nje. Nimemwona kijana mwenye akili njema akilifasiri kwa haki kabisa: diski mpya imetoka nje, basi ndiyo ngeni, basi ifutwe. Lakini kadi huita ngeni hata diski yake ya zamani iliyopotea kwa dakika moja kwa sababu ya waya kulegea na kisha ikarudi. Kuifuta hapo ni kufuta kumbukumbu ya jinsi diski zote zilivyofungamana. Kijana yule alizuiwa na mwenzake kwa bahati tu. Ningependa mabaraza yetu ya istilahi, yanapotafsiri matangazo ya mashine, yaliandike hili kuwa *mpangilio usiotambuliwa na kadi hii*. Ni refu, lakini halimdanganyi mtu. Hadi tafsiri hiyo ipatikane, kijana aambiwe hivi: swali lolote lenye kufuta, jibu la kwanza ni hapana, kisha zima, kagua nyaya, washa tena.

Yabaki majina. Linux huziita diski kwa zamu ya kuonekana: sda, sdb, sdc. Hayo si majina. Ni viashiria, kama tusemavyo *yule wa pili*. Ukitia diski mpya katika tundu la mbele, wa pili huwa wa tatu, na orodha ya kuamshia seva, faili liitwalo fstab, iliyoandikwa zamani kwamba sauti ziko kwa sdb, huenda ikamwendea mtu mwingine. Seva husimama njiani, na watu husema diski mpya imeiua. Kila mgawo uliofomatiwa una jina lake halisi, UUID, la tarakimu na herufi 32, ambalo halibadiliki kwa kuhama tundu. Orodha iandikwe kwa majina hayo, na kwa diski ya ziada liongezwe neno nofail, ili ikikosekana siku moja seva iamke bila ya kuingoja. Fundi anayetaka kufomati naye asitegemee kiashiria. Asome namba ya kiwandani iliyo katika karatasi ya diski, ailinganishe na ile inayoonyeshwa na mashine, na mtu wa pili aitazame pamoja naye.

Baada ya yote hayo hutokea malalamiko ya mwisho, nayo ndiyo yanayoleta kilio kikubwa kwa sababu ndogo. Diski imevuma, imehesabiwa, imegawanywa, imefomatiwa, imepachikwa katika folda ya sauti. Kumbe folda hiyo ilikuwa na sauti za zamani ndani yake. Diski tupu iliyopachikwa juu ya folda yenye vitu huvifunika kama mkeka mpya uliotandikwa juu ya ule wa zamani. Mhifadhi hufungua folda, hakuti hata faili moja, na huanza kuita watu. Asiruhusiwe mtu kuendesha programu za kufufua faili, maana hakuna kilichokufa. Diski ibanduliwe, sauti zitaonekana pale pale zilipokuwa. Zinakiliwe kwanza katika diski mpya iliyopachikwa pembeni, zihesabiwe, zilinganishwe na za awali, kisha ndipo diski mpya ipachikwe mahali pake. Na ikiwa baada ya hapo faili zafunguka lakini mpya hazikubali kuandikwa, folda bado ni mali ya mtumiaji mkuu wa mashine. Apewe ruhusa yule anayenakili, na kazi iendelee.